Maji ya Muchana, Maji ya Jioni

Nakasila, territoire ya Mwenga
21 Aprili 2024

Papa mupendwa,

Nimefika salama. Najua umekuwa ukiangalia simu tangu nilipoondoka, lakini hapa réseau iko juu ya kilima kimoja tu, na kupanda huko na simu isiyo na chaji ni kujichosha bure. Kuna duka moja lenye jenereta, na jenereta yenyewe inangoja mafuta kutoka Bukavu. Basi tutaandikiana, kama ulivyokuwa unamuandikia marehemu mama ulipotumwa kazini mbali. Camion inayobeba mafuta ya mawese inapita hapa kwenda mujini. Shofere wake ni mutu wa kanisa, amekubali kubeba barua zetu.

Nakasila ni kijiji cha mashamba ya muhogo na cha zahabu. Wanaume wanachimba juu mulimani, wanawake wanatwanga mawe na kuyaosha kwenye muto. Muto unaitwa Lusungu. Papa, ungeuona! Unashuka kwa kelele kama watoto wanaotoka shuleni. Turbini ya umeme ambayo maji hayo yataizungusha ni ndogo, mutu anaweza kuikumbatia. Nyinyi muliofanya kazi kwenye bwawa kubwa mungecheka, lakini itatosha kuwasha maternité, shule, kanisa na nyumba za karibu. Projet ikienda vizuri, tutaongeza mashine ya kusaga muhogo.

Infirmière, muuguzi wa maternité, anaitwa Colombe. Amenionyesha chumba cha kuzalia: kitanda kimoja, dirisha moja, na torche ambayo anaibana kwa meno wakati mikono yote miwili iko na kazi. Nikamuuliza, "Na betri ikiisha?"

Akasema, "Ninaendelea kwa vidole. Vidole navyo vinaona."

Nilishuka nikaanza kupima mufereji wa kupeleka maji kwenye turbini siku ileile.

Kula vizuri, usiishi kwa chai na mukate.

Mutoto wako,
Ghislaine


Kadutu, Bukavu
9 Mei 2024

Ghislaine mutoto wangu,

Shofere wako ni mutu wa kweli. Alipanda hadi nyumbani na barua mukononi, akakataa kukaa, akakubali maji tu.

Hapa tuko. Courant ilirudi juzi, ikakaa muda wa kupiga pasi shati moja, ikaenda zake. Jirani yetu Constance amefunga pano ya jua juu ya mabati, sasa quartier nzima inakwenda kwake kuchaji simu na yeye amekuwa mukubwa kuliko chef de quartier. Ninamucheka, halafu jioni ninapeleka simu yangu kama wengine. Kwa kupika ni makala, makaa ya miti, kama kawaida. Kila asubuhi ninawaona wamama wanaingia soko na magunia mugongoni, miti ya milima yetu imo humo ndani. Nchi hii iko na maji yanayoanguka kila kona, na mimi Aloys, niliyezeeka nikichunga mitambo ya bwawa, ninachemsha chai kwa mulima unaoteketea. Sisemi kwa uchungu. Ninasema tu.

Kwa hiyo usifikiri nitaicheka turbini yako. Nilipokuwa kijana niliamini bwawa kubwa moja na nyaya ndefu vitafika kila mahali. Vimefika wapi? Mutu wa Nakasila angengoja waya wetu hadi wajukuu wake wazeeke.

Maneno mawili ya kazi. La kwanza, matope. Pale wanapochimba mulimani, mvua italeta muchanga, na muchanga unakula turbini kama panya anavyokula sabuni. Jenga shimo la kutuliza maji kabla hayajaingia kwenye bomba. La pili, uliza nani alikuwa anatumia hayo maji kabla yako. Uliza sasa, wakati yangali mengi.

Jana radio ilitaja njia ya Mwenga, watu wenye silaha walisimamisha gari. Sisemi kitu. Nimeizima radio.

Papa yako,
Aloys


Nakasila
18 Juni 2024

Papa,

Ulikuwa na haki, na nimechelewa kuuliza. Shimo la kutuliza maji nimelijenga kama ulivyosema. Lakini lile lingine lilinipita, maana nilipofika mvua ilikuwa inanyesha na maji yalikuwa ya kila mutu.

Sasa kiangazi kimeingia. Wiki iliyopita tulifungua mufereji kwa jaribio. Maji yakaingia vizuri, turbini ikazunguka, taa ya majaribio ikawaka, vijana wakapiga kelele. Mimi mwenyewe niliruka. Halafu nikasikia kimya kutoka chini. Papa, hujui kimya hicho. Pale chini wanawake wanatwanga kutoka asubuhi, ile ti-ti-ti ya vyuma kwenye mawe haikati, umeizoea kama moyo wako mwenyewe. Ilikata.

Nikashuka. Wanawake wote walikuwa wamesimama na mabeseni, na mbele yao muto umekuwa mawe matupu na vidimbwi. Nilikuwa nimechukua maji yao yote kuyapitisha kando, na yanarudi mutoni chini kabisa, kwenye korongo ambamo hata mbuzi haingii.

Mukubwa wao anaitwa Maman Bintu. Ni mujane, mukono wake wa kuume umepinda kwa kutwanga. Hakunipigia kelele. Alipanda nami hadi kwenye mufereji, akakaa juu ya ukuta wa simenti, miguu ndani ya maji.

"Mama ingénieur," akasema, "hii maji inakwenda wapi?"

"Kwenye turbini, maman. Ili maternité iwake."

"Maternité ni muzuri. Mimi nilizalia mule, mutoto mumoja alibaki, mumoja hakubaki. Ninataka taa kuliko wewe. Lakini muwanamuke atazaa chini ya taa, kisha atamulisha mutoto nini? Taa?"

Nikamuambia kwamba siku moja umeme utaleta kazi nyingine, mashine, ushonaji, baridi ya kutunza samaki. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa heshima kabisa. Kisha akauliza, "Siku hiyo ni ya wiki gani?"

Tuliongea kwa muda mrefu, wengine wakapanda wakakaa nasi. Mwisho tukapatana hivi. Maji ya muchana ni ya wanawake. Jua likipita nyuma ya kanisa, wanaacha kuosha, mulango wa mufereji unafunguliwa, na maji ya jioni ni ya turbini hadi asubuhi. Kwa frigo ya chanjo, ambayo haiwezi kungoja jioni, nitafunga pano mbili za jua juu ya maternité. Mashine ya kusaga itangoja mvua. Nimeahidi mbele yao wote, na Maman Bintu akanishika mukono.

Sijamuandikia Directeur Carmel bado. Kwenye karatasi za projet, turbini inazunguka muchana na usiku. Naogopa kidogo. Lakini kusema kweli, nalala vizuri.

Ghislaine


Kadutu
2 Julai 2024

Mutoto wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, hata Constance ameisikia kwa sababu nilimusomea. Turbini haiumwi kwa kulala muchana. Iamushe polepole tu, usiifungulie maji yote kwa mara moja, na kila asubuhi mukiisha kufunga muondoe majani kwenye wavu wa mufereji. Mapatano yako ni mazuri. Sijui kama sisi, wakati wetu, tulipatana na mutu yeyote. Tulifika na mashine, watu wakaondoka.

Mimi niko muzima. Muguu tu unanisumbua ninaposhuka soko.

Nilipita kwa ofisi ya Carmel kumusalimia. Unakumbuka alifanya stage, mafunzo ya kazi, chini yangu alipokuwa kijana mwembamba. Sasa ana kitambi na gari. Tuliongea mambo ya zamani. Amekusifu sana. Amesema hapa Bukavu pia iko kazi kubwa, ya kupanga vituo vingine, na kwamba mutu mwenye akili kama yako anaharibika porini.

Juzi tena wamesimamisha gari njia ya Mwenga. Mutoto wa Papa mumoja wa parokia yetu alikuwa ndani ya gari ile. Tumemuzika jana.

Ukihitaji nguo za baridi niambie, nitamupa shofere.

Papa yako,
Aloys


Nakasila
15 Julai 2024

Papa,

Pole kwa musiba. Uwape pole wazazi wake kwa niaba yangu.

Taa zimewaka. Jumamosi, jua lilipopita nyuma ya kanisa, Maman Bintu mwenyewe alishika chuma akafungua mulango wa maji. Maternité ikawaka, kisha shule, kisha nyumba moja moja. Watu waliimba. Colombe alizima taa akaiwasha, akaizima akaiwasha, hadi nikamuomba aache kabla haijaungua. Siku ya tatu mutoto wa kiume alizaliwa. Walitaka kumuita jina langu, nikawaambia ni mwanaume, wakamuita Gracien.

Ningependa barua iishe hapo.

Leo shofere ameniletea karatasi kutoka ofisi. Ninaitwa Bukavu, haraka, kuchukua nafasi ya kupanga vituo vipya. Ingénieur mwingine, Glody, anakuja kunipokea. Hakuna mutu aliyeniuliza kama ninataka. Na maneno ya karatasi yanafanana na ya barua yako, hata hilo la kuharibika porini.

Papa, unajua kitu? Sitaki kuhisi vibaya juu yako kutoka mbali. Nitakuuliza nikifika.

Nimemueleza Maman Bintu kwamba Glody atafuata mapatano. Aliniuliza, "Yeye alikuwepo tulipoongea?" Nikasema hapana, lakini nitamueleza kila kitu. Na nitamueleza. Yeye akarudi kwenye mawe yake.

Ninapanda camion Alhamisi.

Ghislaine


Kadutu, juu ya meza ya kulia
3 Septemba 2024, asubuhi

Ghislaine,

Utakuta barua hii ukirudi kutoka ofisi. Ni ajabu kumuandikia mutu ninayeishi naye nyumba moja, lakini tangu Julai hatuongei isipokuwa "habari ya asubuhi" na "chakula kiko tayari". Kwa mudomo siwezi tena. Ninaanza, wewe unainuka kuosha vyombo.

Jibu la swali lako unalo tangu siku uliyofika. Ni mimi niliyekwenda kwa Carmel. Nilimuambia: nirudishie mutoto wangu, niko naye mumoja tu. Nilidhani ninaokoa maisha yako, na kazi yako itaendelea hata bila wewe, kama turbini inavyoendelea fundi akitoka. Sikufikiri kwamba mapatano yalikuwa ndani ya mutu, hayakuwa ndani ya simenti.

Juzi nilikusikia jikoni ukimuambia Constance. Kwamba Glody aliacha maji kwenye mufereji muchana na usiku kwa sababu ofisi ilitaka saa nyingi za umeme. Kwamba wanawake walimuomba, wakamuomba tena, kisha wakashuka na vyuma vyao vya kutwangia wakavunja ukuta wa mufereji. Kwamba Glody amekimbia na Carmel amesimamisha projet. Na ukasema: "Kule jina langu sasa ni uongo." Ulisema bila kulia. Ningependa ulie.

Wewe huwezi kurudi, Carmel amekataza watu wake wote. Mimi si mutu wake. Nimechukua sanduku dogo la vyombo na koti la mvua. Shofere ananingoja chini ya soko.

Makala iko nyuma ya mulango. Usinifuate.

Papa


Kadutu
12 Septemba 2024

Papa,

Uko na miaka sabini na muguu mubaya! Jioni ile nilikimbia hadi barabara ya soko na viatu vya nyumbani, wamama wa makala wakafikiri nimeibiwa. Camion ilikuwa imeondoka tangu asubuhi.

Shofere amerudi leo, amesema alikushusha muzima na ulikuwa unasimulia njia nzima. Nimekaa chini pale pale kwenye ngazi. Basi sasa ninajua ulivyokuwa unahisi. Ninajua jinsi mutu anavyozima radio.

Nilikuwa na hasira, na bado niko nayo kidogo. Si kwa sababu uliogopa. Mimi pia niliogopa kule, kila camion ilipochelewa. Ni kwa sababu ulipanga maisha yangu na mutu mwingine, na mukaita hiyo sifa. Ungeniandikia tu: "Ghislaine, siwezi kulala." Ningekujibu. Labda ningerudi, labda hapana, lakini ningechagua.

Nyumba ni kubwa bila wewe. Courant imepotea tangu Jumapili. Muchana ninachora vituo vya umeme vya kijiji hiki na kile, jioni ninapuliza makala ili nile. Kwenye karatasi zangu nchi nzima inawaka. Ninapotoka nje ninaona taa moja ya Constance.

Ukimuona Maman Bintu, musalimie. Usimuombe musamaha kwa ajili yangu. Nitauomba mwenyewe.

Rudi ukichoka. Na kula.

Ghislaine


Nakasila
30 Septemba 2024

Mutoto wangu,

Ninaandika kwenye nyumba ya katekista, ndiko ninakolala.

Siku ya kwanza hakuna aliyenisalimia. Walidhani ni mutu mwingine wa projet. Nilikwenda hadi kwenye mufereji, nikaona ukuta ulivyovunjwa. Wamefanya kazi safi, nakuambia, wanawake hawa wanajua jiwe. Nikashuka mutoni nikauliza Maman Bintu ni nani. Akasema, "Ni mimi. Na wewe, muzee, wametuma wazee sasa?"

Nikasema, "Hakuna aliyenituma. Mimi ni papa yake Ghislaine."

Vyuma vyote vikanyamaza. Akanionyesha jiwe nikae. Halafu akaendelea kutwanga hadi alipomaliza rundo lake, nami nimekaa juani kama mutoto aliyeitwa na mwalimu. Alipomaliza akaniuliza, "Mutoto wako alitudanganya?"

"Hapana. Ni mimi niliyemutoa hapa. Niliogopa njia. Yeye hakujua. Aliyekuja nyuma yake hakuwapo mulipopatana, na wakubwa wa ofisi hawakutaka kusikia."

"Ulimutoa kwa kuogopa."

"Ndiyo."

Kisha akasema, "Mutoto wangu aliyebaki anachimba shimoni mulimani. Kila asubuhi ninataka kumutoa." Basi. Hakusema amenisamehe. Alimimina maji kutoka bidoni yake, akanipa.

Siku zilizofuata tuliongea sana, na Colombe alikuwepo, maana yeye amerudi kwenye torche. Wanawake walitaka jambo moja: ufunguo wa mulango wa maji ukae kwao, si kwa projet. Nikawaambia hilo ni haki, lakini anayeshika ufunguo anashika pia kazi ya kuondoa majani kwenye wavu kila asubuhi. Wakabishana kwa kirega, lugha yao, muda murefu. Mwisho wakachagua wanawake wanne wa kupokezana. Ninawafundisha. Mumoja ana sikio zuri, anasikia turbini ikikohoa kabla yangu.

Ukuta tumeanza kuujenga. Waliouvunja ndio wanaobeba mawe, na vijana wa mulimani wametuletea muchanga. Simenti imetoka parokiani. Lakini turbini ni ya projet, na chumba chake kimefungwa kwa kufuli ya Carmel. Sitaivunja. Nimeona vya kutosha vilivyovunjwa. Nenda kwake, wewe. Mimi nilikwenda kwake mara moja na unajua nilichofanya.

Muguu uko afadhali kuliko Kadutu. Hapa hakuna ngazi.

Papa yako,
Aloys


Bukavu
15 Oktoba 2024

Papa,

Nilikwenda.

Carmel hakuwa mubaya kama nilivyotaka awe. Ofisi yake iko na kalenda ya mwaka jana, na jenereta inaunguruma chini ya dirisha lake, maana na yeye hana courant. Alinipa kiti. Nikamueleza mapatano yote, ufunguo, wanawake wanne, ukuta unaojengwa.

Akasema, "Ghislaine, wanaotoa pesa wanataka kuona saa za umeme. Nikiwaandikia nusu siku, wataandika kwamba projet imeshindwa nusu. Na kituo kinachofuata hakitajengwa."

Nikamuuliza, "Na sasa unawaandikia saa ngapi?"

Jibu analijua mwenyewe. Sasa ni sifuri.

"Turbini inayozunguka jioni ni turbini," nikasema. "Iliyofungwa na kufuli ni chuma tu. Tumeweka mutambo mahali watu wanaishi. Kwa nini hatuandiki hilo kwenye ripoti? Kwamba kiangazi maji hayatoshi kwa wote, kwamba zahabu ya wamama ndiyo chakula cha kijiji, kwamba tumepatana. Vituo vyote ninavyochora hapa viko na muto, na kila muto uko na wenyewe. Tusipojifunza Nakasila, tutavunjiwa kila mahali."

Alisimama akaangalia dirishani. Aliniuliza habari zako, kama bado unapiga bomba kwa kifundo cha kidole ili kusikia maji. Nikasema sijui, mimi sikukuona kazini. Akacheka. Kisha akasaini. Si mengi, Papa. Kijiji kinakabidhiwa kituo hadi wageni wa pesa watakapokuja mwakani kuangalia. Wakikataa, sijui. Ametaka niandike ripoti mwenyewe, kwa jina langu, na kwamba kila kituo kipya nitakikagua kwa miguu, nikiongea na watu wa muto kabla ya kuchora mustari wowote. Nimekubali. Cha kwanza kiko upande wa Katana. Nimechagua, unaona?

Ufunguo wa kufuli uko ndani ya bahasha hii, nimeushona kwenye kitambaa.

Mvua zikitulia nitakuja kumuona Maman Bintu. Na wewe, kama bado uko huko. Sikuulizi unarudi lini.

Niandikie jinsi taa zilivyo.

Mutoto wako,
Ghislaine


Nakasila
6 Novemba 2024

Ghislaine mutoto wangu,

Umeniomba nikuandikie jinsi taa zilivyo, na jana jioni nilikaa kuangalia kwa ajili yako.

Siku ya kwanza, tulipofungua kufuli, waliimba tena, na katekista alitoa sala ndefu ambayo ilimaliza jua. Siku ya pili watoto walikuja kucheza chini ya taa ya shule. Hiyo yote unaijua, uliiona kabla yangu. Mvua zimeanza, maji ni mengi, muto unatosha kwa muchana na jioni pamoja. Hata hivyo wanawake wameamua kufuata saa zao za kiangazi, ili mazoea yasipotee. Maman Bintu anasema kiangazi kitarudi wakati wageni wa pesa watakuwa wamesahau. Muchanga umejaza shimo la kutuliza maji mara mbili sasa, tunautoa kwa koleo, na usipotolewa turbini haitazeeka nami. Ninakuambia ili uandike kwenye ripoti. Usiandike yaliyo mazuri tu.

Jana, basi. Jua lilipita nyuma ya kanisa. Vyuma vikanyamaza mutoni, wakapanda na mabeseni kichwani. Mumoja wa wale wanne akaenda kufungua maji, akafungua taratibu kama inavyotakiwa. Wengine wakakaa kwenye baraza ya maternité, ambako kuna taa ya nje, wakaanza kumenya karanga. Ndani kulikuwa na muwanamuke aliyezaa muchana, mutoto alikuwa analia kwa sauti nzuri. Nilisimama mbele yao, chini ya taa ya nje, nikingoja.

Taa ikawa nyekundu kidogo kwanza, kisha ya njano, kisha nyeupe.

Niliwaangalia nione watafanya nini. Hawakufanya kitu, Ghislaine. Hakuna aliyeinua kichwa. Walikuwa wanabishana habari ya mukwe wa mutu, na maganda ya karanga yaliendelea kuanguka. Colombe alipita na beseni la maji ya moto, mikono yake yote miwili ikiwa na kazi, na mudomoni hakuwa na kitu, alikuwa anaongea.

Nikabaki nimesimama pale. Nilitaka kuwaambia: angalieni! Nilitaka hata kukuita, kana kwamba ungenisikia Bukavu.

Maman Bintu akainua macho mwishowe. Akaniangalia, akaangalia karanga zake, akasema, "Papa Aloys, sogea basi. Unatuzibia mwanga."

Nikasogea.

Papa yako,
Aloys